Mtu wa Ujiji

Kanuni ile aliitunga Hashimu Gharibu mwenyewe, wala hakulazimishwa na mtu. Alisimama mbele ya wanakikundi katika darasa waliloazimwa na shule, kofia yake ya kutarizi kichwani, akasema kwa sauti ya mwenyekiti kwamba hakuna kukata. Mzee akishakaa mbele ya kinasa sauti, atakachosema ndicho kitakachobaki, kiwe kitamu, kiwe kichungu. Watu wakapiga makofi. Hashimu alipenda makofi, na hilo si siri kwa yeyote anayekaa Kasulu.

Kikundi kilianzishwa mwaka 2014, wapimaji walipopita kando ya barabara ya kwenda Kibondo wakichora X nyekundu kwenye kuta. Mtaa wa Chumvini, ambao zamani ulikuwa safu ya maghala ya chumvi na siku hizi ni maduka ya vitenge, simu na dawa za mifugo, ulikuwa unaondoka kupisha lami. Mwalimu Careen, binti wa Njombe aliyeletwa kufundisha historia sekondari, ndiye aliyewaambia kuwa nyumba zitavunjwa lakini maneno yanaweza kubaki. Alikuwa na kinasa sauti cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Wazee wakawa wanarekodiwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa lugha anayoitaka, na pembeni yake amekaa mtu wa nyumbani kwake kama shahidi. Shahidi haruhusiwi kuingilia. Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya Hashimu.

Wa kwanza kuumwa na kanuni hizo alikuwa Venanti, fundi baiskeli. Baba yake, Mzee Pasikali, alisimulia mwenyewe, tena akicheka kwa ufizi mtupu, jinsi alivyoiba mbuzi wa jirani ujanani akazungushwa sokoni na ngozi ya mbuzi yule mabegani, wanawake wakimpigia vigelegele. Venanti alikuwa shahidi. Alisikiliza mpaka masikio yakamwaka moto. Kesho yake akaja dukani kwa Hashimu, mikono imejaa grisi, akasimama mlangoni asije akachafua vitenge.

"Mwenyekiti, naomba ile ya mbuzi itolewe. Nina mabinti wanaposwa."

"Venanti, ndugu yangu," alisema Hashimu, akiendelea kupima kitambaa cha mteja, "nikitoa ya baba yako, kesho atakuja mwingine na yake. Mwisho tutabaki na nini? Historia haina haya."

"Historia haina, mwenyekiti. Mimi ninayo."

Wateja walicheka. Hashimu alicheka nao, akampigapiga Venanti begani, kwa upande usio na grisi. Venanti akatabasamu vile mtu anavyotabasamu akikanyagwa mguu na mkubwa wake, akaenda zake. Maneno yale Hashimu aliyageuza kuwa kichekesho cha barazani, akayarudia mpaka yakachujuka.

Basi ikafika zamu ya Bi Zena, mama yake.

Kila mtu Chumvini alijua anachosema Hashimu kuhusu nyumba yao. Babu yake, Mzee Tambwe, alipanda milima hii kutoka Ujiji na chumvi ya Uvinza, akajenga nyumba ya kwanza ya matofali. Mama yake, Bi Zena, naye ni mtu wa Ujiji, mtoto wa shehe, aliyeletwa hapa bibi harusi na masanduku yake ya nguo. Aliyasema hayo kwenye maulidi, kwenye harusi, na kwa kila mgeni wa serikali aliyepita kununua shuka. Alivyokuwa akilitamka neno Ujiji, ungedhani ni mahali ambapo watu hawatoki jasho. Waha waliokuja dukani na vikapu vyao aliwaita "watu wetu wa milimani", kwa adabu, lakini adabu ile ilikuwa na kisigino cha kukanyagia.

Walimrekodia chumba cha nyuma, mchana. Shadia, mke wa Hashimu, aliweka kahawa akatoka. Bi Zena alikaa mkekani, ushungi umekaa sawa, miguu ameikunja upande.

"Bibi," alisema Mwalimu Careen, "anza na jina lako, jina la baba yako, na mahali kitovu chako kilipozikwa. Tumia lugha unayopenda."

Bi Zena alikitazama kile kidude, akafungua kinywa, akasema Kiha, lugha ambayo katika nyumba ile iliishia kwa wateja na vibarua.

Alisema anaitwa Niyitegeka. Baba yake ni Ntahobari wa Muyama, na kitovu chake kipo kwenye migomba chini ya chemchemi. Mwaka ule wa njaa, watu walipokuwa wakichimba mizizi ya migomba na kuichemsha, baba yake alimshika mkono wakashuka mpaka hapa, kwenye kambi ya wachuuzi wa chumvi. Mama yake aliwasindikiza mpaka njia panda, na mtoto mchanga mgongoni. Mzee Tambwe alimtazama meno. Akampa baba yake chumvi. Baba akasema, nitarudi kukuchukua mvua zikinyesha, akaondoka, akawa anageukageuka. Mvua zilinyesha. Mke wa Tambwe akamwita Zena, maana lile jina lingine lilimshinda. Akatwanga, akachota maji, akalala jikoni, mpaka Gharibu, mtoto wa nyumba ile, alipokua akasema hataoa mwingine. Alisimulia bila chozi, kama mtu anayechambua maharage.

"Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama," alimalizia. "Sikuuona uso wake vizuri. Alikuwa amelala."

Hashimu, shahidi wa mama yake, alikuwa ameinamisha kichwa. Kiha alikielewa chote, hata pale alipojifanya hakielewi. Alipokuwa mdogo watoto wenzake waliwahi kumwimbia "mwana wa umunyu", mtoto wa chumvi, akaenda kumuuliza baba yake maana yake, akapigwa kofi lililomkalisha chini. Hakuuliza tena. Tangu hapo aliifanya kazi ya kutojua kwa bidii sana, na aliifanya vizuri, mpaka akasahau kwamba ni kazi. Sasa aibu ilimpanda, na mbaya zaidi ilimpanda mbele ya mama yake.

"Amesemaje, mwenyekiti?" aliuliza Careen huku akitabasamu. Kiha hakikuwa lugha yake hata neno moja. "Ilikuwa nzuri, nimeona uso wake."

"Umri, mwalimu," alisema Hashimu. "Amechanganya na hadithi za watu wengine, hadithi za jikoni. Tuifute tu. Atasema mwenyewe siku ya mkutano wa kuzisikiliza sauti, kwa Kiswahili, wageni waelewe."

"Lakini ile kanuni yetu..."

"Kanuni ni ya walio timamu."

Bi Zena alikuwa pale pale mkekani, hatua mbili kutoka kwao, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mwalimu. Alitazama viganja vyake. Careen alisitasita, lakini angembishia vipi mwenye mama? Akabonyeza. Kidude kikatoa mlio mdogo, na Niyitegeka wa Muyama akawa hayupo.

Shadia alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Asubuhi yake akasema neno moja tu, akimwekea mumewe chai: "Mama ni timamu kukushinda." Hashimu akanywa chai ikiwa ya moto mno, akaungua ulimi, akaona ni afadhali.

Siku zilizofuata alimfundisha mama yake la kusema. Alimfuata jikoni, maana chumba cha nyuma hakukitaka tena.

"Mama, siku hiyo atakuwepo na afisa kutoka wilayani. Useme tu umezaliwa Ujiji, ukaolewa huku."

"Nizaliwe Ujiji?"

"Ndiyo, mama."

"Na baba yangu awe nani?"

Kwa miaka yote ile Hashimu hakuwahi kumpa shehe wake wa Ujiji jina. Akatazama juu, akatazama sufuria. "Shehe Idrisa," alisema.

"Shehe Idrisa," alirudia Bi Zena polepole, kama anayeonja mchuzi wa jirani. "Na mama yangu?"

Kuhusu mama, Hashimu hakuwa ameandaa kitu kabisa. "Habari za mama hawataziuliza."

"Haya, baba," alisema Bi Zena. Tangu utoto wa mwanawe alimwita baba, kwa mapenzi, kama mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume. Siku ile neno hilo lilimchoma Hashimu.

Siku ya soko akaingia mwanamke dukani. Alikuwa mtu wa makamo, kitenge kimefifia lakini kimefuliwa kikafulika, kichwani kikapu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Alitua kikapu, akapiga goti kidogo na kupiga makofi taratibu, akasalimia kwa Kiha, salamu ile ndefu ya kuulizia watoto na mji. Hashimu akaikata katikati.

"Karibu. Kitenge au shuka?"

"Si kununua, baba. Naitwa Ernesta, natoka Muyama. Nimetumwa na mama yangu, Evaline. Anaumwa, miguu imevimba, wanasema ni moyo. Alikuwa na dada yake, alimsikia tu kwa wazazi, aliachwa huku Kasulu kwa mwenye chumvi wakati wa njaa. Mzee Stanislaus alikuja kwetu msibani, akasema nyumba ya mwenye chumvi ndiyo hii. Akasema huyo dada yupo hai." Alivuta pumzi. "Mama anataka amwone. Anasema hata mara moja."

Dukani walikuwepo wanawake wawili wakichagua vitenge, na mikono yao ilikuwa imeacha kuchagua. Hashimu aliiona. Laiti wangekuwa hawapo, labda angesema vingine, na labda si kweli, angesema yale yale.

"Umeelekezwa vibaya, mama. Mama yangu ni mtu wa Ujiji."

"Labda basi ni mtumishi wa zamani, baba. Au labda..."

"Kulikuwa na mtumishi mmoja," alisema Hashimu. Hakujua maneno yale yametoka wapi. Yalitoka laini, kama bei ya kitambaa. "Alishakufa."

Ernesta aliziba mdomo kwa mkono. Pazia linalotenga duka na nyumba lilitikisika kidogo. Kulikuwa na upepo siku ile, na Hashimu aliamua kwamba ni upepo.

"Alizikwa wapi?" aliuliza Ernesta.

"Zamani hiyo. Sijui."

Mwanamke akakisukuma kikapu kuelekea kaunta. "Basi haya mle na watoto. Ni maharage. Nimetoka nayo mbali, siwezi kumrudishia mama." Akashukuru, ndiyo, alishukuru, akatoka kinyumenyume kwa heshima kama mtu aliyepewa kitu.

Jioni Shadia aliyapika. Bi Zena alikula polepole, kisha akasogeza sahani yake akaomba aongezewe. Hakuuliza yametoka wapi. Ya Hashimu yalibaki sahanini.

Ilibaki kuchagua sauti za kupigwa siku ya mkutano. Mwalimu Careen alileta kinasa sauti dukani wakati wa mchana usio na wateja, akamwomba mwenyekiti amtafsirie zile za Kiha. Hashimu alikuwa hajawahi kuzisikiliza mpaka mwisho. Alipenda kuanzisha mambo, kusikiliza ni kitu kingine.

Wakaanza na Mzee Stanislaus, katekista mstaafu, jirani wa nyumba ya tatu. Alieleza maghala yalivyopangwa, punda walivyofungwa, harufu ya mtaa ikinyesha mvua. Halafu sauti yake ikalainika. Alisema palikuwa na binti wa chumvi kwa Mzee Tambwe, aliyeachwa na baba yake wakati wa njaa, na binti yule alikuwa akificha makoko ya uji kwenye kanga yake, anawapa watoto wa mtaa kupitia tundu la ukuta. "Mimi nilikula," alisema Stanislaus kwenye kidude. "Nisingekula, nisingekuwa naongea hapa."

"Hapo anasema nini?" aliuliza Careen.

"Habari za punda," alisema Hashimu. "Ruka."

Wakaruka. Ikaja sauti ya bibi mmoja wa nyuma ya msikiti, naye akamsema binti wa chumvi, alivyowazalisha wanawake wa mtaa akiwa bado msichana. Akaja Mzee Pasikali, baada ya mbuzi wake, akasema siku ile ya kuzungushwa sokoni ni mtu mmoja tu aliyempa maji, binti wa chumvi wa kwa Tambwe. Kila alipofungua, alikuwepo. Alikuwa amemfuta katika sauti moja, naye amejaa katika sauti zote.

"Mwenyekiti, unatoka jasho," alisema Careen. "Nikuletee maji?"

Hashimu alimkuta Stanislaus juani, akibomoa nyumba yake mwenyewe kabla ya tingatinga. Bati zilikuwa zimepangwa chini, na mzee alikuwa ameketi kwenye kigogo akinyoosha misumari iliyopinda, mmoja mmoja, kwa nyundo juu ya jiwe.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwana wa Gharibu. Kaa hapo, usikae kwenye misumari."

Hashimu hakukaa. "Nimesikia ulichorekodi. Nimekuja kukuomba ile sehemu ya... ile ya uji, itolewe."

Stanislaus aligonga msumari, akaugeuza, akaugonga tena. "Umekuja kama Venanti," alisema.

Hashimu aliusogeza msumari mmoja kwa ncha ya kiatu.

"Nitakutolea, kwa sababu wewe ni mtoto wa yule mama, na sina cha kumnyima mtoto wake. Lakini, Hashimu, ulidhani sisi hatujui? Mtaa mzima tunajua tangu unatambaa. Ukisimama kwenye maulidi ukasema Ujiji, sisi tunatazama viatu vyetu. Tulisema, tumwache, akikomaa atasema mwenyewe. Sasa una mvi."

"Mngeniambia."

"Tungekuambia nini? Kwamba mama yako ni mama yako?" Mzee aliweka nyundo chini. "Ernesta amerudi kwangu analia. Amesema ameambiwa dada wa mama yake amekufa. Nikamuuliza, umeambiwa na nani? Hakujua jina lako. Akasema, mwanamume mmoja mwenye kofia nzuri."

Hashimu aliondoka bila kuaga. Njiani alivua kofia akaishika mkononi, akaona watu wanamwangalia kichwa, akaivaa tena. Alikusudia kumwambia mama yake jioni ile ile kwamba ana mdogo wake Muyama, yupo, anaumwa, anamngoja. Alifika, akamkuta anasali, akasema nitamwambia akimaliza. Alipomaliza akasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikwenda Kibondo kufuata mzigo wa vitenge ambao ungeweza kungoja. Ndivyo alivyoziendesha siku mpaka ikafika ya mkutano, na Evaline wa Muyama akiwa bado anahema kitandani, hajui kwamba mtu aliyeambiwa amekufa yupo jikoni anamenya ndizi.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Afisa kutoka wilayani alikaa mbele, na soda yake. Sauti zilipigwa kwenye spika iliyoazimwa, zile zilizochaguliwa: punda, maghala, mvua, mbuzi wa Mzee Pasikali. Ilipofika ya mbuzi watu walicheka, na Venanti alikaa ukutani amekunja mikono, akiangalia sakafu. Hashimu, aliyekuwa mshereheshaji, hakumtazama.

Mwisho akaitwa Bi Zena, mkubwa wa mtaa. Shadia alimshika mkono mpaka kwenye kiti. Mwalimu Careen aliwasha kinasa sauti, akampa kipaza sauti. Darasa likanyamaza, na kilikuwa kimya cha heshima.

"Mimi naitwa Zena," alisema Bi Zena kwa Kiswahili chake safi. "Nimezaliwa Ujiji. Baba yangu alikuwa Shehe Idrisa. Nililetwa huku bibi harusi, na masanduku yangu. Chumvini nimeishi kwa raha. Sijawahi kulala njaa."

Alisema yote, neno kwa neno, hakukosea hata moja. Kimya kikabadilika. Mzee Stanislaus aliinamia fimbo yake. Yule bibi wa nyuma ya msikiti alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Mtaa mzima ulikuwa unatazama viatu vyake, na Hashimu, kwa mara ya kwanza, aliwaona wanavyotazama. Hata Venanti, ambaye alikuwa na haki ya kuinua uso, hakuuinua. Aliyepiga makofi alikuwa mtu mmoja tu, Mwalimu Careen, mgeni, akapiga mara mbili tatu peke yake, akasita, mikono ikabaki hewani.

Bi Zena aligeuka kumtafuta mwanawe. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni.

"Nimesema vizuri, baba?"

Swali lilitoka kwenye spika likajaa darasa zima. Lilikuwa swali la kweli. Mama alitaka kujua kama amefanya alivyoambiwa. Hashimu alitaka ardhi ipasuke, na ardhi ya Kasulu ni ngumu, haikupasuka. Nyuma kabisa, mlangoni, kando ya Mzee Stanislaus, alimwona Ernesta. Alikuwa anamwangalia yeye, si mama, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa unashangaa tu, kama mtu aliyeona maiti amekaa kwenye kiti anaongea.

Hashimu alisimama.

"Mama amesema nilivyomfundisha," alisema. Sauti yake bila kipaza sauti ilikuwa ndogo. "Hakuzaliwa Ujiji. Hakuna Shehe Idrisa. Mama yangu anaitwa Niyitegeka, wa kwa Ntahobari, wa Muyama. Mnajua ninyi nyote. Alisema mwenyewe kwenye kile kidude, nikamwambia mwalimu afute. Nikasema hana akili timamu. Mama yangu... mama yangu aliachwa hapa wakati wa njaa, na baba yake akapewa gunia la chumvi."

"Haikuwa gunia," alisema Bi Zena.

Hashimu akageuka.

"Haikuwa gunia, mwanangu. Lilikuwa fumba moja tu la majani, la kubeba kwa mkono mmoja. Na halikujaa."

Hapo ndipo Ernesta alipoanza kutembea. Watu walimpisha bila kuambiwa. Alifika mbele, akapiga goti, akapiga makofi taratibu, akaanza ile salamu ndefu, na safari hii hakuna aliyeikata. Bi Zena aliiitikia yote, watoto, mji, mvua, mikono yake imeshika mikono ya Ernesta juu ya viwiko. Alipomaliza akauliza jambo moja kwa Kiha.

"Yupo?"

"Yupo, mama. Tukiondoka asubuhi tunamkuta."

"Ngoja basi nimalize hapa."

Akatafuta kipaza sauti. Kilikuwa kimeanguka mapajani, na vidole vyake vya uzee havikuweza kukishika. Hashimu alipiga magoti kando ya kiti, akakishika yeye, akamsogezea mdomoni. Kwa hiyo uso wake ukawa pale pale karibu na uso wa mama, mbele ya watu wote, na hakuwa na pa kuupeleka.

Bi Zena alianza upya, kwa Kiha. Niyitegeka. Ntahobari. Migomba chini ya chemchemi. Aliwapitisha njia panda, akawapitisha kwenye meno, kwenye jiko la Mzee Tambwe, kwenye tundu la ukuta, na Stanislaus akalia waziwazi. Aliwaeleza ndoa yake na mazishi ya mumewe. Watu walidhani ameishia hapo. Hakuishia.

"Halafu juzi, siku ya soko," alisema, "alikuja mtoto wa mdogo wangu dukani kwetu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia mwanangu akisema nimekufa."

Darasa lilivuta pumzi. Mwalimu Careen hakuelewa maneno, lakini aliona nyuso, akaona na uso wa mwenyekiti wake. Kidole chake kilikuwa juu ya kidude. Alimtazama Hashimu, akiuliza kwa macho kama azime.

Hashimu alitikisa kichwa kukataa. Mkono ulikuwa umeanza kumuuma, akausaidia kwa mkono wa pili, akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi na mama yake.